Kirukanjia wa Mawe ya Shule Yetu

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa chakula, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, mwezi wa Oktoba)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumzie jambo lolote la manufaa kwa vijana, nami nilifahamu kinachotazamiwa, yaani ofisa ardhi atoke wilayani kwake aje kuwaeleza watu namna ya kupata hati ya kiwanja. Wenye shida hiyo wataniona wakati wa chai. Mimi nimeomba kwa Mkuu wa Shule ruhusa ya kuzungumza habari za ndege. Alikubali upesi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu ndege mwenyewe amekwisha kuwa shauri la shule.

Kwa ndugu waliofika jana usiku na hawajapata habari, shauri lenyewe ni hili. Tangu mwezi wa nane kuna kitu kinacholia usiku katika yale majabali yaliyo nyuma ya bweni la mwisho. Kinalia "kau-wau, kau-wau", kama mbwa mdogo anayebweka mbali, lakini mbwa hayupo. Vijana wa Kidato cha Pili wakatoka na tochi, wakaona macho mawili mekundu juu ya jiwe, wakarudi mbio. Kesho yake vitanda vya upande wa madirisha yale vikahamishwa. Wiki iliyofuata mlinzi akampiga fimbo ndege mmoja aliyemkuta amelala katikati ya njia ya gari, na ndege yule akafukiwa kwa chumvi. Hadi hapo tungeweza kucheka. Lakini baada ya siku chache mwanafunzi mmoja akaugua sana homa, na jina la mama anayeuza maandazi nje ya geti likaanza kutajwa, kwamba ndege ni wake na ndiye anayemtuma.

Ndugu zangu, hapo ndipo Mkuu wa Shule aliponiandikia. Alikumbuka kwamba nilipokuwa Chuo Kikuu nilikuwa na maradhi ya kutembea porini na daftari kusikiliza ndege, maradhi ambayo serikali haijanitibu mpaka leo.

Ndege huyu jina lake ni kirukanjia. Najua kwa nini mnacheka huko nyuma. Ni kweli jina hilo limegeuzwa likawa tusi la mjini kwa mwanamke anayetembea ovyo usiku, lakini mwenye jina la kwanza ni ndege, naye hakuulizwa. Ameitwa hivyo kwa tabia yake ya kulala chini njiani giza linapoingia, na mtu akimkaribia huruka ghafla, akatua tena njiani hatua chache mbele, kama anayekusindikiza. Jina lake jingine ni mpasuasanda. Ndege aliyepewa jina la kupasua sanda hawezi kutazamia kupata marafiki wengi.

Mtu akimwona mchana, kama atabahatika kumwona, atashangaa jinsi alivyo mdogo. Viruka njia wengi hawazidi urefu wa rula yenu ya darasani, na sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia na mabawa. Mdomo ukiwa umefungwa ni kitu kidogo sana, kama ncha ya mwiba. Ukifunguka ni pango. Umepasuka hadi chini ya macho, na pembeni una nywele ngumu kama sharubu. Miguu ni mifupi mno hata kutembea kwake ni kwa shida. Ukucha wa kidole cha katikati una meno kama kitana. Macho ni makubwa, na ndani yake kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana yakimulikwa huwaka kama makaa. Ng'ombe na paka nao macho yao huwaka kwa sababu hiyo hiyo, na hakuna mtu anayehamisha kitanda kwa ajili ya ng'ombe.

Chakula chake ni wadudu warukao: nondo, mbawakawa, na kumbikumbi mvua za kwanza zikinyesha. Huwakamata hewani kinywa kikiwa wazi, na manyoya yake ni laini hata mabawa hayatoi sauti. Yeye si kama popo anayeongozwa na mwangwi wa sauti yake. Kirukanjia huwinda kwa macho, kwa hiyo anahitaji mwanga kidogo. Kazi yake ni ya magharibi na ya alfajiri, na usiku wa giza totoro hukaa tu. Usiku wa mbalamwezi anaweza kuwinda muda mrefu zaidi, na nyakati hizo ndipo baadhi yao hulia sana. Basi anayesema "ndege huyu hulia mwezi ukiwa mkubwa, kwa hiyo ana jambo" amesema kweli nusu ya kwanza. Jambo alilo nalo ni njaa, na kutafuta mwenzi.

Hukaa njiani kwa sababu njia ni mahali peupe, na kutoka pale chini huona wadudu wakipita dhidi ya anga. Tena ardhi tupu hutunza joto la mchana. Ni desturi nzuri kwa ndege wa zama kabla ya motokaa. Siku hizi magari yanawaua wengi.

Hebu sasa tulitazame jambo la kumtambua, maana hapo ndipo penye ugumu wote, na ugumu huo ndio uliomfanya asingiziwe. Ndege wengine tunawatambua kwa kuwaona. Kunguru unamwona, kanga unamwona. Kirukanjia ameumbwa ili asionekane. Mgongo wake umechorwa kahawia, kijivu, nyeusi na rangi ya majani makavu, michoro midogo isiyo na mpaka, hata jicho la mtu halipati mahali pa kuanzia. Mchana hulala chini kimya, macho ameyafumba yakabaki kama ufa mwembamba, wala hatikisiki mpaka unakaribia kumkanyaga. Hajengi kiota. Mayai yake mawili huyaweka juu ya ardhi tupu, au majani makavu, au jiwe, na yeye mwenyewe ndiye paa na ukuta.

Watafiti waliofanya kazi kusini mwa Zambia walilipima jambo hili kwa uangalifu, wakalichapisha mwaka 2016. Walipiga picha ndege wanaotaga chini pamoja na mahali walipotaga, kisha wakakadiria jinsi picha hizo zinavyoonekana kwa macho ya wanyama na ndege wanaokula mayai, maana jicho la nguchiro si jicho la mtu. Waligundua kwamba kwa ndege wanaokimbia adui akija, kama vile kiluwiluwi, kinachookoa mayai ni rangi ya mayai yenyewe kufanana na ardhi. Kwa kirukanjia ambaye hakimbii, kinachookoa mayai ni mchoro wa mgongo wa mzazi kufanana na mahali alipolala. Mwaka uliofuata wakaonyesha jambo jingine ambalo mimi naliona ni la ajabu zaidi: kila ndege huelekea kuchagua mahali panapomfaa yeye binafsi kuliko panapowafaa wenzake wa aina ile ile. Anajuaje mgongo wake ulivyo, hali hana kioo? Vijana mnaochukua Baiolojia, swali hilo nawaachia.

Kwa hiyo anayetaka kumtambua kirukanjia sharti aanze na masikio, na macho yafuate baadaye. Katika Tanzania wako wa aina nyingi, na hata wataalamu wakiwa na ndege mkononi huweza kubishana. Mwaka 1990 watafiti walikuta kirukanjia aliyekufa barabarani katika uwanda wa Nechisar, kusini mwa Ethiopia. Alikuwa ameharibika vibaya, wakachukua bawa moja tu. Bawa hilo likazunguka kwa wajuzi, halikufanana na la ndege yeyote aliyejulikana, na mwaka 1995 likapewa jina la kitaalamu Caprimulgus solala, ambalo tafsiri yake ni kama kusema "bawa peke yake". Ubishi juu ya bawa lile haukuishia hapo. Mkiona wasomi wanagombania bawa moja kwa miaka, msione haya ninyi kushindwa kujua sauti ya usiku mmoja.

Lakini hapa kwetu Iringa kazi si ngumu kiasi hicho. Nitawaeleza wale ambao mtu anayetembea kati ya shule na mto anaweza kukutana nao.

Wa kwanza ni huyu mshitakiwa wetu, kirukanjia wa mawe. Wataalamu humwita Caprimulgus tristigma. Ni wa kijivu cheusi, mwenye vidoa vidogo mwili mzima, hana ukosi wa rangi shingoni, na akilala juu ya jabali anakuwa jabali. Mayai huyataga juu ya mwamba wenyewe. Mahali penye mji amezoea hata mapaa bapa ya majengo, maana kwake zege na jiwe ni kitu kimoja. Na sauti yake ni hiyo hiyo ya mbwa mdogo, "kau-wau", hurudiwa mara nyingi. Nimefika hapa juzi jioni, nikakaa karibu na tangi la maji kuanzia jua kuzama. Alianza kubweka kabla nyota hazijajaa. Walikuwa wawili, mmoja upande wa bweni na mwingine upande wa shamba, wanajibizana. Kwa hiyo kama kuna mtu anayemtuma, anatuma wawili, nao wanagombana mpaka.

Wa pili ni kirukanjia mwenye shingo ya rangi ya kutu, Caprimulgus pectoralis. Huyu hukaa chini ya miti ya miombo, juu ya majani makavu. Akiruka, dume huonyesha weupe mkubwa kwenye pembe za mkia. Yeye habweki, hupiga mluzi. Huanza kwa sauti ndefu ya huzuni, kisha mluzi unatetemeka na kushuka, na usiku wa mbalamwezi anaweza kuendelea hivyo mpaka alfajiri. Waingereza walioishi kusini mwa Afrika walidai kwamba wanasikia ndani yake maneno ya sala, mtu akimwomba Mola amwokoe, wakamfanya kuwa ndege wa ibada. Mluzi huo huo mmoja, huyu anasikia sala, yule anasikia sanda ikipasuliwa. Nawaombeni mlishike hili, kwa sababu nitalirudia.

Wa tatu, Caprimulgus fossii, hupenda mahali pa wazi penye mchanga, kando ya mashamba. Sauti yake ni mngurumo usiokatika, kama injini ya pikipiki iliyoachwa inanguruma, mara polepole, mara kwa kasi. Wengi wameusikia maisha yao yote wakidhani ni mdudu. Akiruka utaona ukingo wote wa mkia ni mweupe kila upande, si pembe tu.

Kuna mgeni pia, anayekuja kutoka Ulaya na Asia wakati huu wa Oktoba na Novemba, akaondoka Machi au Aprili. Huyu kwa kawaida hanung'uniki akiwa kwetu, sauti yake ameiacha kwao. Mchana mara nyingi hulala juu ya tawi, amejinyoosha kwa urefu wa tawi kama kipande cha gome. Na mwenye bahati anaweza kumwona yule ninayempenda kuliko wote, ambaye dume lake katika majira haya huota unyoya mmoja mrefu katika kila bawa, zaidi ya nusu mita, ukipepea nyuma yake kama utepe. Akipita magharibi mtu haoni ndege, anaona vitambaa viwili vyeupe vinaelea hewani peke yake. Nakubali kwamba hilo linaweza kumtisha hata mhasibu. Msimu wa kutaga ukipita manyoya hayo hudondoka, naye huenda zake kaskazini, kupita ikweta, hadi Uganda na Sudan Kusini.

Na msimchanganye na bundi. Bundi hukaa wima, macho yote mawili yanatazama mbele kama ya mtu, mdomo umepinda na kucha zina nguvu ya kushika panya. Kirukanjia hulala kifudifudi, macho yako pembeni, na kucha zake hazimdhuru hata panzi. Bundi naye ana kesi yake ya kusingiziwa, lakini leo si zamu yake.

Sasa nitatoka kidogo shuleni niende kijijini kwetu. Sitataja kijiji wala majina.

Nilipokuwa darasa la sita palikuwa na mjane mmoja, bibi wa heshima, mwenye eka tatu hivi za mahindi pembeni mwa miombo. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa nane hadi mvua za kwanza, ndege alikuwa akilia usiku ukingoni mwa shamba lake. Sisi watoto tuliujua mluzi ule. Mwaka mmoja watoto wawili wa mtaa ule walifariki kwa homa katika mwezi mmoja. Ilikuwa homa ya siku zile, zahanati ilikuwa mbali na dawa zilikuwa haba. Basi watu wakaanza kuhesabu: ndege analia kwa nani? Kwa bibi. Watoto wamekufa lini? Ndege alipokuwa analia. Waliopaza sauti zaidi walikuwa jamaa wa marehemu mume wake. Hakupigwa, nashukuru Mungu, lakini hakuna aliyemsalimia tena kisimani. Alfajiri moja alifunga mzigo akaenda kwa dada yake wilaya nyingine, na hakurudi. Mvua zilipoanza shamba lililimwa, wala si na mgeni.

Miaka mingi ikapita. Nikiwa Chuo Kikuu niliazima kaseti ya sauti za ndege, nikaisikiliza mpaka ikachakaa. Likizo moja ya mwezi wa tisa nikarudi nyumbani, na usiku wa mbalamwezi nikaenda kukaa ukingoni mwa shamba lile. Ndege alilia pale pale. Alikuwa yule wa pili niliyewatajia, mwenye shingo ya kutu. Dume lake hushika eneo moja, na mayai yao huyarudisha karibu na mahali pale pale mwaka hadi mwaka. Huenda hakuwa yule yule bali mjukuu wake. Nyumba ya mwenye shamba mpya ilikuwa hatua kama thelathini kutoka pale. Asubuhi nikaenda kumwamkia, nikamwuliza kama ndege anayelia usiku hamsumbui. Akanitazama kwa mshangao. "Aa, mwanangu," akasema, "si ndege tu huyo."

Hakuna aliyemwambia yeye kwamba anamtuma.

Katika kazi yangu nimekwisha kufungua majalada zaidi ya moja ambamo mama mzee anadai ardhi yake, na ukiyasoma tangu karatasi ya kwanza unakuta mahali fulani neno "ushirikina", na kabla ya neno hilo unakuta mnyama au ndege. Siku hizi nikiliona neno hilo huenda moja kwa moja kwenye ramani kuangalia nani amepakana na mama yule. Sheria ya Uchawi ya nchi hii ni ya tangu mwaka 1928, na inamtia hatiani pia mtu anayezunguka akimtaja mwenzake kuwa mchawi. Nawaambia hilo vijana kwa sababu mnaweza kudhani kwamba kutaja jina bwenini ni mchezo.

Wala tusidhani ni sisi Waafrika peke yetu tuliomwonea ndege huyu. Aristotle, yule Myunani mwenye hekima ambaye walimu wenu wanamtaja kwa heshima, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba ndege huyu huenda usiku kunyonya mbuzi, na kwamba chuchu iliyonyonywa hukauka na mbuzi hupofuka. Jina la kitaalamu Caprimulgus maana yake ni mkamua mbuzi, na limebaki mpaka leo vitabuni, ingawa ndege hajaonja maziwa. Kilichokuwapo ni mbuzi waliovuta wadudu, na wadudu waliomvuta ndege. Mchungaji akaona ndege zizini magharibi, asubuhi akakuta maziwa yamepungua, akaunganisha mambo mawili. Hata mtu mwenye akili nyingi alimwandikia mchungaji yule maneno yake bila kwenda kukaa zizini usiku mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Yamebaki machache.

Mkuu wa Shule ameniruhusu nimtaje yule mwanafunzi aliyeugua, bila jina. Alipimwa hospitali, akakutwa na malaria, akatibiwa, na sasa anacheza mpira. Anafurahi pale. Mama wa maandazi ana miaka mingi getini, kuna watu wazima humu ukumbini waliokula kwake kwa mkopo, na naamini wengine deni bado wanalo. Mimi asubuhi hii nimekula manne. Ningependa kabla hatujatawanyika kesho kila mmoja wetu awe amepita pale, na Kamati iangalie kama anaweza kupewa kibanda chenye paa kabla ya mvua, kwa maandishi, na nafasi ipimwe. Nitaipima mwenyewe bila malipo.

Jambo jingine ni moto. Nimeona mmeandaa kuchoma nyasi za upande wa majabali mwezi huu. Nyasi ni lazima zichomwe, sibishi, nyoka wapo na hatari ya moto mkubwa ipo. Lakini mwezi wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja ndio ndege hawa wanakuwa juu ya mayai na makinda, na kirukanjia hakimbii mapema, tumekwisha kuliona hilo. Nyasi zikichomwa mwezi wa sita, zikiwa bado na ubichi kidogo, moto huwa mdogo, miti haiungui, na ndege wakija kutaga wanaikuta ardhi tayari. Tena hawachukii mahali palipoungua zamani, wengine huvitaga vile vile juu ya majivu yaliyopoa. Mwaka huu naomba zikatwe kwa panga kuzunguka bweni, hatua ishirini, na majabali yaachwe. Bwana Shamba wa shule amenitikisia kichwa, sijui kama ni kukubali.

Wenzangu wenye magari, njia kutoka lami hadi hapa ni ya vumbi na ni nyeupe, yaani ndiyo kitanda chao hasa. Kuanzia jua kuzama tuendeshe polepole. Ukiona makaa mawili mbele yako chini, punguza, zima taa kubwa kidogo, naye ataruka.

Nimeleta daftari kubwa lenye mistari, litakaa maktaba. Atakayesikia au kuona kirukanjia aandike tarehe, saa, mahali, mwezi ulikuwaje, sauti ilikuwaje kwa herufi zake mwenyewe, na kama ameruka, weupe ulikuwa wapi mkiani. Asiandike alichoambiwa na mwenzake. Ukurasa wa kwanza nimejaza mimi, wa juzi.

Leo jua linazama kama saa 12.30 jioni. Wanaotaka kuja tukutane kwenye tangi la maji saa 12.00. Kidato cha Pili watangulie, maana kesi ni yao. Vaeni viatu vilivyofunika mguu, tembeeni mmoja nyuma ya mwenzake na mtazame chini kabla ya kukanyaga. Tochi tatu zinatosha, na zisikae machoni mwa ndege muda mrefu. Tukimkuta juu ya mayai tutarudi nyuma kimya, hakuna kushika. Mlinzi amekubali kutuongoza, kwa sababu ndiye anayejua wanapolala, na fimbo yake ataiacha kibandani. Chakula cha usiku kimesogezwa mpaka saa 2.00.